Kidonge Kisicho na Ladha

Mfamasia alikuwa ameulizwa swali lilelile mara tatu, na mara zote tatu alijibu kwa adabu, kama mgeni anayekataa kuongezewa chai.

"Sikuiba, Afande."

Inspekta akapiga meza kwa kiganja. Kikombe kikaruka, chai ikamwagikia jalada. "Sijakuuliza kama uliiba! Nimekuuliza dawa imekwenda wapi!"

Kituoni walimwita Pilipili, na wengine walimwita hivyo mbele yake. Hakukasirika. Alikuwa na mengi mengine ya kumkasirisha, na asubuhi hiyo la kwanza lilikuwa huyu mwanamume mwembamba wa shati lililokunjamana kwa kulalia saruji, ambaye kesho angepandishwa kizimbani, akahukumiwa aozee ndani, na bado alikaa kimya utadhani kesi ni ya jirani.

Kesi yenyewe haikuwa na kona nyingi. Hospitali ilikuwa inafanya utafiti wa dawa mpya ya wanawake wenye uvimbe kwenye kizazi, wale ambao siku zao zikifika damu huja kama bomba lililopasuka na maumivu humkunja mtu mpaka akalamba sakafu. Nusu yao walipewa dawa yenyewe. Nusu walipewa kidonge kitupu kinachofanana nayo kwa kila kitu, ili ijulikane kama dawa inafanya kazi kweli au ni imani tu. Aliyejua chupa ipi ina nini ni mfamasia peke yake, na ufunguo wa kabati ulikaa mfukoni mwake.

Kisha mmoja wa wanawake hao, fundi cherehani, akaanguka kazini kwake katikati ya dimbwi la damu. Wakamwongezea damu usiku kucha. Ikabidi siri ya chupa ifunguliwe, na ikaonekana fundi alikuwa kwenye kundi la dawa. Daktari Bingwa, kiongozi wa utafiti, akapima damu, kisha akaja kituoni mwenyewe na tai shingoni. Kundi la dawa, alisema, lina nusu tu ya dawa inayotakiwa mwilini. Mtu anapunja. Mwenye ufunguo ni mmoja.

"Mlinzi amekuona ukitoka na mfuko wa plastiki kila wiki," Inspekta alisema. "Chupa zinagongana humo ndani."

"Chupa tupu, Afande. Mama mkwe wangu anawekea vifungo na chumvi."

"Mama mkwe!"

"Ndiyo, Afande. Huwa hatupi kitu."

Mlangoni, sajenti aliyeitwa Kobe kwa jinsi alivyoendesha gari alikohoa kuficha kicheko. Alikuwa ameshika bahasha yenye vitu vya mtuhumiwa: miwani, kitambaa cha mkononi, ufunguo, na pakiti ya peremende. Shavu lake moja lilikuwa limetuna.

Inspekta akamkazia macho. "Unatafuna nini?"

"Peremende, Afande."

"Ya kwenye bahasha? Hicho ni kielelezo!"

"Ni peremende tu, Afande."

"Tema!"

Kobe akameza. Mfamasia, kwa mara ya kwanza tangu akamatwe, akatabasamu, kisha akainamisha kichwa haraka.

Inspekta akavuta pumzi. "Nieleze kitu kimoja. Ukimbadilishia mtu kidonge, hatagundua kwa ladha?"

"Hawezi. Vyote vimepakwa ganda. Kidonge hiki hakina ladha, Afande. Kinateremka tu, kama punje ya maharage." Akasita. "Fundi anaendeleaje?"

"Hilo ndilo ungejiuliza kabla!" Inspekta akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Kobe, nenda kwa huyo mama mkwe. Kama kuna kidonge kimoja katikati ya vifungo vyake, nikikute mezani kwangu. Halafu nifuate hospitali."

Ofisi ya Daktari Bingwa ilikuwa na ubaridi wa kufanya mtu atamani sweta. Mezani palikaa kizazi cha plastiki, cha kufunguka vipandevipande, na daktari alikifungua na kukifunga alipokuwa akiongea.

"Kwa lugha rahisi, Inspekta. Hapa chini ya ubongo kuna tezi ndogo. Homoni fulani inatoka ubongoni inakwenda kubisha hodi kwenye tezi hiyo. Mlango inaobisha unaitwa kipokezi. Ukifunguliwa, tezi inaamsha ovari, ovari zinamwaga homoni zao, na uvimbe unakula unanenepa. Sasa dawa yetu inakwenda kukaa palepale mlangoni. Haifungui, haiondoki. Homoni ikija inakuta pamezibwa. Inabisha hodi wee, ndani kimya. Ovari zinapumzika, uvimbe unakosa chakula, damu inakatika."

"Na mgonjwa anajisikiaje?"

"Nafuu kubwa. Isipokuwa joto. Linamjia ghafla, anatokwa jasho hata kama kuna baridi. Hiyo ndiyo dalili kwamba dawa imefika." Akakifunga kizazi. "Miaka ya kazi yangu yote, Inspekta. Halafu mtu mmoja mwenye ufunguo anakuja kuniharibia."

"Una hakika ni wizi?"

"Namba hazidanganyi. Nimechukua damu siku mbalimbali. Wote, nusu. Nusu kamili, kama mtu amepima kwa mizani."

"Wote?"

Mkono wa daktari ukatulia juu ya plastiki. "Wote waliopewa dawa, namaanisha."

Inspekta alikuwa na hasira, lakini hasira yake ilikuwa na masikio.

"Mfamasia wako, mlikuwa mnaelewana?"

"Ana mdomo mrefu. Anakaa na wagonjwa kwenye benchi anawaeleza mambo yasiyowahusu. Nilishamwonya."

"Mambo gani?"

"Ya kitaalamu." Daktari akatazama saa yake. "Kesho mahakamani, sivyo?"

Koridoni Inspekta alisimama peke yake, akaanza kuipindua ile nusu kamili kichwani. Mwizi wa vidonge huiba kidonge kizima. Angechukua vya dawa na kuweka vitupu mahali pake, basi leo mgonjwa angemeza dawa kamili na kesho ameze chokaa. Damu yake ingekuwa juu leo, kesho iko chini. Ukipima siku mbalimbali ungepata mchanganyiko. Lakini nusu kila siku, kwa kila mtu? Ili upate hivyo, kila kidonge lazima kiwe nusu. Na hakuna mwizi duniani anayekaa kukata vidonge katikati, akachukua nusu na kumrudishia mwenyewe nusu. Mwizi wa kuku habakizi paja.

Kobe alimkuta hapo, jasho likimtoka kwa kupanda ngazi.

"Vifungo, Afande. Chumvi. Sindano. Chupa moja ina meno ya utotoni ya mkewe mfamasia. Yule mama amenitukana mpaka nikaomba msamaha, na sijui kwa kosa gani. Kidonge hamna hata cha kichwa."

"Basi mfuko tumeumaliza. Twende kwenye benchi."

Ilikuwa siku ya wanawake wa utafiti kuja kuchukua dawa. Walijipanga kwenye benchi refu la mbao kando ya dirisha la dawa. Nje mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri, na Inspekta alikuwa amefunga vifungo vya koti mpaka shingoni. Benchi zima, kutoka mwanzo hadi mwisho, lilikuwa linajipepea. Huyu kwa kadi ya kliniki, yule kwa gazeti, mwingine kwa ncha ya mtandio, na jasho linawang'aa usoni.

Inspekta akawatazama mmoja mmoja, taratibu. Nusu yao wanakula kidonge kitupu. Kidonge kitupu hakimtoi mtu jasho kwenye mvua.

"Karibu ukae, Afande," alisema mwanamke mmoja wa makamo aliyefunga sweta kiunoni. Wenzake walimwita Mwalimu, na alikuwa mwalimu kweli; chaki ilikuwa bado imemganda vidoleni. "Umelowa. Chukua peremende."

Alimnyooshea pakiti. Inspekta aliitambua rangi yake kabla hajaishika. Akatazama midomo ya wale wengine. Mashavu yalikuwa yanatuna na kunywea, benchi zima linamung'unya.

"Mnapenda peremende, eti?"

"Zinaondoa ule uchu..." alianza kusema msichana wa pembeni, na Mwalimu akamkanyaga mguu.

"Uchungu wa nini?" Inspekta aliuliza. "Kidonge chenu hakina ladha."

Benchi zima likaacha kumung'unya.

"Mfamasia wenu ndiye aliyeniambia."

"Ametoka likizo?" Mwalimu aliuliza, na uso wake ukachangamka. "Maana tumemkumbuka. Huyu aliyeletwa badala yake hata salamu hajui."

"Nani aliwaambia yuko likizo?"

"Daktari."

Hasira ilimpanda Inspekta. Likizo! Mtu amelala juu ya saruji, anajisaidia kwenye ndoo, halafu wanaambiwa likizo. Alitaka kuwamwagia yote palepale, lakini aliziona nyuso za wanawake wengine zikimgeukia Mwalimu, na akajua kuna kauli moja tu itakayotoka kwenye benchi hilo.

"Mwalimu. Hivyo vidonge mnavifanyaje?"

Mwalimu akatazama chini. "Muulize fundi, wodini. Yeye akisema, sote tumesema. Asiposema, nipige risasi hapahapa, sisemi. Tuliapa."

Fundi cherehani alikuwa kitanda cha mwisho, dirishani. Mwanamke mfupi, mikono mipana, midomo haina damu hata kidogo. Chupa ya maji ya drip ilining'inia juu yake, na bado alikuwa ameomba sindano na uzi, anapindisha upindo wa shuka la hospitali lililokuwa limefumuka.

"Hawajui kushona hawa," alisema badala ya salamu. "Wewe ni polisi. Viatu vyako vinapiga kelele."

Inspekta akavuta kiti. "Pole na ugonjwa, dada."

"Nimeshapoa."

"Nataka unieleze mnavyokata vidonge."

Sindano haikusimama. "Vidonge gani?"

"Dada, mficha uchi hazai."

Fundi akacheka, kicheko kikavu cha kukwaruza. "Afande, mimi nimewafunulia madaktari saba, na sijazaa. Tafuta methali nyingine."

Inspekta akamwangalia mwanamke huyu anavyovuta uzi. Kisha akalitoa jambo kama lilivyo, bila kulipamba.

"Mfamasia hayuko likizo. Yuko mahabusu kwangu. Daktari amemshtaki kwamba aliiba dawa ndiyo maana ukaanguka. Kesho anapelekwa mahakamani. Nimemuuliza mara tatu, hasemi kitu. Ila anauliza hali yako."

Sindano ikasimama.

"Unasema?"

"Amelala chini siku kadhaa sasa."

"Yule kaka?" Sauti ya fundi ilipanda mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakanyanyua vichwa. "Yule kaka asiyeweza hata kufukuza nzi? Aibe? Mshenzi mkubwa! Huyo daktari mshenzi mkubwa, na umwandike kwamba nimesema! Sogeza hicho kiti karibu, nisikilize."

Akasimulia huku akiuvuta uzi kwa hasira.

Mwanzoni Daktari Bingwa aliwaambia wote wanapewa dawa. Wakaweka sahihi na vidole gumba kwenye karatasi, hakuna aliyewasomea. Mfamasia ndiye aliyekaa nao kwenye benchi siku moja akawaambia ukweli: kati yenu wapo wanaopewa kidonge kitupu, na mna haki ya kujua, na mna haki ya kuondoka. Hakuna aliyeondoka. Waende wapi? Lakini walianza kuchunguzana. Fundi alikuwa anapata joto, na damu yake ikakatika kabisa, mwezi wa kwanza, wa pili. Mwalimu, aliyekaa naye bega kwa bega, hakuona mabadiliko yoyote. Alikuwa anafundisha amejifunga sweta kiunoni, watoto wasione doa, na siku mbili alizimia ubaoni.

"Nikachukua wembe wangu wa kufumulia mishono," fundi alisema. "Nikakata kidonge changu, nikakata na chake. Ganda likishakatika, ulimi unajua. Changu kichungu kama nyongo. Chake hamna kitu, chokaa. Sasa niambie, Afande. Umekaa na mtu benchi moja, mnalia pamoja, mnacheka pamoja. Una kidonge, yeye hana. Unakimeza chote mbele yake?"

Inspekta akatikisa kichwa.

"Basi nusu yangu, nusu yake. Wenzetu wakaona. Kila mwenye kichungu akatafuta mwenye kitupu. Mimi ndiye mkataji, Jumatano zote, siku ya kuchukua dawa, chooni, juu ya kifuniko cha mkebe wa uzi. Na kila mtu akapata nafuu kidogo. Kidogo, lakini Mwalimu hajazimia tena."

"Na wewe ukaanza kutoka damu."

"Nikaanza kutoka damu." Alisema kama anayetaja bei ya kitambaa. "Nikadhani itakaa sawa."

"Mfamasia alijua?"

"Hatukumwambia. Tulijua akijua itabidi aseme, na tukisemwa tunafukuzwa wote." Fundi aliirudisha sindano kwenye kitambaa, akafunga uzi fundo. "Muuguzi! Niletee nguo zangu!"

"Dada, lala..."

"Nitalala nikishaandikisha. Kuna kituo cha polisi au hakuna? Kama gari lako halina nafasi, nitakwenda na hii drip mkononi!"

Muuguzi alikuja kukataza, akakutana na jozi mbili za macho yenye hasira badala ya moja. Akaenda kumwita daktari wa wodi, na daktari wa wodi akaruhusu saa moja, aende na muuguzi, asimame kidogo tu. Kobe alimbeba fundi mpaka garini kama mtu aliyebeba mtungi.

Inspekta hakupanda nao. Alirudi kwenye ile ofisi ya baridi, na safari hii hakubisha hodi.

"Damu ya kundi la kidonge kitupu," alisema akiwa bado mlangoni. "Uliipima?"

Daktari Bingwa alinyanyua uso polepole. "Inspekta, hayo ni masuala ya kitaalamu."

"Uliipima au hukuipima?"

"Niliipima."

"Kabla hujaja kituoni kwangu?"

"Sioni umuhimu..."

"Kabla au baada!"

"Kabla."

"Ukakuta nini?"

Daktari akashika kizazi chake cha plastiki, akakiachia.

"Ukakuta nusu," Inspekta alisema. "Ulinitajia mwenyewe asubuhi, ulimi umekuteleza. Wote. Dawa haikutoka nje ya hospitali hii hata chembe. Ilihama kutoka kwa waliokuwa nayo ikaenda kwa wasio nayo. Mwizi gani anaiba cha huyu akamlishe yule? Mwizi hatoi sadaka, Daktari. Ulijua hakuna wizi, na ukaja na tai yako ukanipa mtu nimfunge!"

"Wanawake wale ndio wahalifu, kama ni hivyo! Wameharibu utafiti ambao ungewasaidia maelfu!"

"Uliwaambia nusu yao hawapati dawa?"

"Walisaini."

"Uliwaambia?"

"Ningewaambia wasingerudi!" Sauti ya daktari ilipasuka. "Unadhani hizi ni hesabu za sokoni? Ikijulikana wamegawana, kamati inayosimamia utafiti itauliza kwa nini, na jibu litakuwa mimi. Utafiti unafungwa, jina langu limekwisha. Lakini kama kuna mwizi, Inspekta... kukiwa na mwizi, tunaruhusiwa kuanza upya."

Alishtuka kusikia maneno yake mwenyewe. Nje, mvua ilikuwa imepungua, na sauti za wanawake kwenye benchi zilisikika mpaka ndani.

"Kumbe," Inspekta alisema, kwa upole uliowahi kuwatisha watu wakubwa kuliko huyu. "Mtoto wa watu aozee ndani ili wewe uanze upya. Na fundi je, aliyeishiwa damu? Naye aanze upya? Simama. Kutoa taarifa ya uongo kwa polisi ni kosa, na mimi nina pingu moja tu leo, itakutosha."

Walipotoka koridoni, katibu wa hospitali alikuwa tayari kwenye dirisha la dawa na mnyororo na kufuli. Habari ilikuwa imekimbia kuliko wao. Wanawake walikuwa wamesimama, chupa zao tupu mkononi, na Mwalimu alikuwa anamwambia katibu jambo ambalo katibu hakutaka kulisikia. Inspekta aliwaona, lakini hasira ilikuwa imemjaa masikioni, na mkono wake ulikuwa umeshika kiwiko cha daktari. Akapita.

Kituoni, fundi aliandikisha maelezo yake amekaa kwenye kiti cha mkuu wa kituo, kwa sababu ndicho pekee chenye mto. Mkuu alisoma mara moja, akasugua paji la uso, akasaini karatasi ya kumwachia mfamasia. Inspekta akaichukua pamoja na ile bahasha, akashuka mahabusu mwenyewe.

Mfamasia alisimama mlango ulipofunguliwa.

"Uko huru. Fundi amesema yote." Inspekta akamtolea vitu kimoja kimoja. Miwani. Kitambaa. Ufunguo. Peremende. "Zimepungua moja, Kobe ameila. Wewe ndiye uliyekuwa unawanunulia."

Mfamasia akaipokea pakiti, akaigeuza mkononi.

"Niliona wembe kwenye mkoba wa fundi, na unga wa kidonge kwenye kifuniko cha mkebe wake," alisema. "Kikikatwa ni kichungu sana, Afande. Nikaona nikiwapa peremende, si kama nimesema, na si kama nimenyamaza."

"Umenyamaza!" Inspekta akafoka, na sauti ikagonga kuta zote nne. "Mke unaye, mama mkwe anakusanya meno huko, na wewe umekubali kwenda jela kwa ujinga wako! Neno moja tu ungeniambia! Moja!"

"Ningesema, dirisha lingefungwa siku ileile. Nilidhani nikinyamaza, watapata japo wiki kadhaa. Wenzake wangemwachia fundi kidonge chake kizima akirudi." Akavaa miwani, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Dirisha liko wazi?"

Inspekta akafungua mdomo. Akauona tena kichwani ule mnyororo. Akamwona Mwalimu na chupa mkononi, sweta kiunoni, na yeye Inspekta akipita kando yake amemkamata mtu wake kama mtu aliyeshinda kombe.

"Limefungwa," alisema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka kamati ikae."

"Itakaa lini?"

"Sijui."

Mfamasia alikaa tena kwenye saruji, palepale alipokuwa amelala, mlango uko wazi mbele yake. Hakupandisha sauti. "Basi nimelala humu bure."

Siku nzima Inspekta alikuwa amemkasirikia huyu, akamkasirikia daktari, akamkasirikia katibu na mnyororo wake. Sasa hasira ilimgeukia mwenyewe na haikuwa na pa kutokea. Kesi ameimaliza, mwongo amemfunga, na Jumatano ijayo wanawake benchi zima watakuwa wanajikunja sakafuni. Upuuzi! Upuuzi mtupu!

"Mwenyekiti wa hiyo kamati anakaa wapi?"

Mfamasia akamtazama. "Nyuma ya hospitali. Nyumba ya geti la kijani. Lakini Afande, hapokei watu bila miadi."

"Kobe!" Sauti yake ilipanda ngazi mpaka ghorofani. "Washa gari! Na leo ukiendesha kama kobe, nakuvua cheo njiani! Mpakie fundi mbele na drip yake. Mpitie Mwalimu pale kliniki, na yeyote mwingine atakayeenea." Kisha akamshika mfamasia mkono, akamnyanyua kwa nguvu. "Wewe inuka. Utamweleza kidonge kilivyo kizima na kilivyo nusu. Fundi atamweleza damu. Mimi sijui sayansi, kazi yangu ni kubisha hodi."

Mfamasia aliokota pakiti ya peremende iliyokuwa imeanguka sakafuni. "Na asipofungua?"

"Atafungua," Inspekta alisema, tayari yuko ngazini. "Mlango huo hauzibwi na mtu leo."